Mstari Mwekundu

Mkia wa chewa uliishia ukucha mmoja kabla ya mstari mwekundu. Afisa wa uvuvi, ambaye wote walimwita Bwana Samaki, akamsukuma tena hadi pua ikagusa kizuizi cha ubao, akaunyoosha mkia kwa kidole. Bado.

"Ukucha tu, shemeji," mvuvi akasema.

"Ukucha nao ni sheria."

Akamtia chewa kwenye ndoo ya serikali. Shemeji yake akatema mate, si mbali sana na kiatu, akaenda zake. Waliobaki kwenye foleni wakaitazama bahari kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona.

Fundi seremala, aliyekuwa ameketi juu ya kreti, akauinua ubao na kuukagua kwa jicho moja. "Huu umeliwa na chumvi. Nikuchongee mwingine."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka tisa. Ubao wa kwanza uliletwa na wizara, una muhuri na mstari mmoja tu: chewa asiyeufikia hajazaa, asivuliwe. Ulipopasuka, wizara ilijibu kwamba fungu la ubao mwingine halipo. Fundi akauchukua, akauiga, akachonga wa pili. Wa pili nao ukachakaa, akauiga akachonga wa tatu, kisha wa nne. Kila mara aliomba ule mkuukuu akaufanye kuni, na kila mara alijibiwa kwamba mali ya serikali haitupwi bila barua. Ukafungiwa stoo.

Mbali na fundi, Bwana Samaki hakuwa na mtu. Mkewe alirudi kwao mwaka ule mumewe alipowanyang'anya kaka zake tenga zima la samaki. Habari za misiba alizipata watu wameshazika. Dukani mazungumzo yalikatika akiingia, yakaendelea akitoka. Lakini kila siku alasiri fundi alipiga hodi, chupa ya chai mkononi, drafti kwapani, akamfunga mchezo wa kwanza na kumwachia wa pili. Fundi alikuwa na wana wanne, wote wavuvi, wala hakuwahi kumwombea hata mmoja. Kwa hilo Bwana Samaki alimheshimu kuliko ndugu.

Kisha barua ikaja. Wataalamu walikuwa wamezamia kwenye miamba na kuhesabu: chewa wakubwa karibu wanakwisha, wadogo wanavuliwa kabla hawajazaa hata mara moja. Ghuba italindwa na nani, barua iliuliza, ikiwa aliyewekwa kuilinda anafumba macho? Mkaguzi angefika Jumatatu. Orodha ya mali yote ya ofisi iwe tayari.

Aliisoma mara tatu. Yeye, afumbe macho. Yeye aliyepoteza mke kwa ajili ya ukucha.

"Utamjibu nini huyo mkaguzi?" fundi akamuuliza.

"Ubao utajibu."

Fundi aliishika kete bila kuicheza. "Zile kuukuu zitakuaibisha. Nipe nikazichome kabla hajaja."

"Bila barua, fundi?" Bwana Samaki akacheka. Siku hiyo fundi alifungwa michezo yote miwili.

Jumapili, baada ya chakula, alifungua stoo aandike orodha. Akazitoa mbao, akazipangusa vumbi, akauleta na ule wa nne, akazisimamisha ukutani kwa kufuata miaka, vizuizi vikiwa chini sakafuni: wa wizara mwanzo, wa leo mwisho. Akarudi nyuma hatua mbili, kalamu mkononi.

Mistari myekundu ilishuka kama ngazi, kidole kimoja kimoja.

Mlangoni hodi ikapigwa. Ikapigwa tena, kete za drafti zikagongana ndani ya kikopo. Ilipopigwa mara ya tatu, Bwana Samaki bado hakuwa amesema karibu.