Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mzee Mbwambo hakuwa na bisibisi, wala feni ya akiba, wala mtoto mwingine. Kwa sheria ya sasa, marehemu huhesabiwa hai maadamu kompyuta yake inawaka, na ile ya michezo ya binti yake Nakiete ilikuwa imekataa kuwaka tangu asubuhi.

"Ni feni?" aliuliza.

Fundi Sekela akaifungua ubavu. "Feni haina kosa, baba. Imeungua kwa joto. Nani aliyaziba matundu ya hewa?"

"Mama yake. Alifuma kitambaa akaifunika, isiingie vumbi."

"Lo!"

"Usimwambie. Sema ni feni."

Jikoni, mkewe alikuwa akipakua sahani ya tatu. Mzee akaandika barua ya kuombea Nakiete cheti cha kifo, penye sababu akajaza "uchakavu wa feni", akaifunga bahasha kwa mate, akaipeleka posta.