Maneno ya Nashon

"Mama Ajwang, huyo mzee wa kaptula ya kubana anatafuta nini kwako kila Jumamosi?" Tabitha, jirani, alimuuliza Selpha siku moja akipita na mtungi wa maji. "Ama siku hizi posa inakuja na baiskeli?"

Selpha alicheka tu. Angeanzia wapi?

Nyumba yake ya mabati ilikuwa juu kidogo ya daraja, pale barabara ya kutoka Kitengela kwenda Kajiado inapoteremka bondeni, inavuka mto na kupanda tena. Tangu mumewe aitwe na Bwana, alikuwa akiuza chai hapo mlangoni. Jumamosi asubuhi vijana wa baiskeli za mashindano walipita, zile za tairi nyembamba. Waliteremka kama mawe, wakapanda ng'ambo wamesimama juu ya pedali, wakaenda mpaka Kajiado kwenye stesheni ya zamani ya reli, halafu wakarudi.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1998, mmoja wao alikuwa amebaki nyuma. Alikuwa akiteremka peke yake, na lori la mchanga likamjia kwa nyuma. Selpha aliacha birika likichemka, akatoka mbio akipiga kelele. "Lori! Toka! Toka barabarani!" Kijana hakugeuka. Upepo wa lile bonde ulikula sauti yake yote.

Lori halikusimama.

Selpha alimpakata kichwa mapajani. Kijana alimtazama, akamshika mkono kwa nguvu, kisha nguvu zikaisha. Hakusema kitu.

Sasa, kwao Selpha, upande wa ziwa, anayempakata mtu akifa hupeleka kwa wenye msiba maneno ya mwisho. Hangoji kuulizwa. Na hakuna anayekwenda kusema hakukuwa na maneno, maana ni kama kuwaambia mtoto wao alikufa kama mnyama. Kwa hivyo baba wa kijana alipokuja wiki mbili baada ya mazishi, akiisukuma ile baiskeli iliyonyooshwa nyooshwa, na kusema jina lake ni Nalianya na kwamba polisi ndio wamemwelekeza, Selpha alimkaribisha kwa kile alichokuwa ameshakitayarisha.

"Pole sana, baba. Mtoto wako hakufa vibaya. Alisema kitu."

"Alisema?"

"Alisema, 'Mwambie baba asilie sana.'"

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akakaa kwenye benchi polepole, akaomba chai.

Jumamosi iliyofuata alikuja akiwa juu ya baiskeli, kutoka Kitengela, amevaa kofia ngumu ya marehemu mwanawe, Nashon, jasho limemjaa. Umri wake ulikuwa hamsini na nane. Tangu hapo hakukosa. Alimweleza Selpha jinsi alivyojifunza kuachilia breki kwenye mteremko, jinsi upande wa pili unavyomkata magoti, na maduka ya mawe ya Wahindi kule Kajiado, ambako vijana walimwonyesha ukuta Nashon aliokuwa akiegemea kupumzika. Wenzake walimngoja mbele siku hizi. Walimwita Guka, yaani babu, na kumtania kwamba atawashinda akiota meno mapya.

Lakini kabla ya kuendelea na safari, ilikuwa lazima anywe chai ya Selpha na kuuliza.

"Sauti yake ilikuwaje, mama?"

"Ya chini. Nzito kidogo, kama yako."

"Kama yangu," mzee alisema, akatabasamu mpaka Selpha akaangalia kando.

Wiki nyingine aliuliza kama Nashon alimtaja mama yake. Selpha akasema ndiyo, alimtaja. Aliimba? Aliimba kidogo. Aliomba? Hapo Selpha, Mungu amrehemu, alitunga sala nzima, na mzee akaomba airudie. Yule kijana ambaye hakusema hata neno moja akawa sasa amesema mengi kuliko mhubiri.

Na kanisani, Selpha aliacha kushiriki. Mara tatu Meza ya Bwana iliandaliwa, na mara tatu alibaki amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, wenzake wakipita mbele. Angepokeaje mkate na mdomo huo huo? Alitaka sana kurudi mezani. Lakini kila alipopanga kusema ukweli, mzee alitokea pale juu ya mteremko, ameinama kwenye usukani, na Selpha akaona kwamba hayo maneno ndiyo yanayoisukuma ile baiskeli. Akiyaondoa, mzee atashikilia nini?

Kisha ikafika Jumamosi moja, na Meza nyingine ilikuwa kesho yake. Usiku wa kuamkia hiyo Jumamosi alifunga na kuomba. Asubuhi hata mandazi hakukaanga.

Mzee alifika saa tatu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Haya, mama," alisema. "Leo niambie tena ile ya mwanzo. Ile ya nisilie."

Selpha alikamata leso yake.

"Baba Nashon, nisamehe. Nimekudanganya mwaka mzima. Mtoto hakusema kitu. Alinishika mkono tu, akaenda. Hayo mengine yote ni yangu."

Mzee hakushtuka. Aliweka kikombe mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala.

"Najua, mama," alisema. "Nashon alizaliwa kiziwi. Miaka ishirini na mbili hakutamka neno. Ni hapa kwako tu nilikuwa namsikia akiongea."

Akainuka, akavaa kofia, akatoka.