Maneno Nyuma ya Turubai

Kwa mwaka mmoja na nusu Nchagwa alibeba kichwani maneno asiyojua maana yake. Aliyarudia akilima na akinywa uji, asije akayasahau. *Ha vuelto a respirar. Acaba de hablar.* Aliyajua kwa sauti tu.

Aliyasikia Januari 1998, kipindupindu kilipoingia Migori baada ya zile mvua kubwa. Alimleta mkewe Robi kwenye kambi ya wagonjwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, macho yake yamezama, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Nesi Benta aliuliza kuhusu mkono.

"Alianguka jikoni," Nchagwa alisema.

Nesi aliandika bila kuinua uso.

Jamaa za wagonjwa hawakuruhusiwa ndani. Nchagwa alisimama nje ya hema, sikio kwenye turubai. Alisikia watu wakihangaika, kisha kimya, kisha daktari Mhispania akamwambia mwenzake maneno yale, haraka haraka. Saa moja baadaye Benta alitoka.

"Pole, mzee. Ametuacha."

Mwili hakupewa. Wafu wa ugonjwa ule walizikwa na kambi yenyewe, kwa chokaa. Alionyeshwa tuta la udongo, akarudi nyumbani na mkokoteni mtupu. Wakwe zake hawakuja hata kulia. Alidhani wanaogopa kuambukizwa.

Robi hakuwa mtu wa maneno. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kumjibu mara mbili. Mke wa namna ile angempata wapi tena? Kuna mtu aliyempotezea mke huyo, na Nchagwa aliapa kumjua. Maneno ya daktari yangemwambia. Lakini hakumuuliza Mhispania yeyote maana yake. Aliona wale watu wangefichiana. Ilibidi aielewe lugha yao mwenyewe.

Kwa hiyo kambi ilipofungwa alikwenda Homa Bay, kwenye nyumba ya masista wa Kihispania, akaomba kazi ya kukata nyasi. Katika mwezi wake wa pili pale alimwomba Sista Pilar amfundishe lugha yao. Sista alifurahi sana. Hakuna mtu wa hapa aliyewahi kumwomba hivyo.

Alimfundishia pale pale uani. "Sisi tunapenda kupanga vitenzi viwili," alisema. "Cha kwanza kinaeleza kazi imefika wapi. Cha pili ndiyo kazi yenyewe." Akaonyesha slasha mkononi mwa Nchagwa. "*Empiezo a cortar*, naanza kukata. *Dejo de cortar*, naacha kukata. *Acabo de cortar*, nimetoka kukata sasa hivi."

"*Acabo de*," Nchagwa alirudia polepole.

"Vizuri. Wewe una sikio zuri."

*Hablar* alishaijua. Ni kusema, kuzungumza. Siku ile alikata nyasi mpaka akafikia maua ya sista, akayakata nayo, bila kuona. Ametoka kuzungumza sasa hivi. Nani, kama si Robi? Na maiti haizungumzi.

Nusu ya kwanza ilimsumbua miezi mitatu zaidi. Kisha mchana mmoja Sista Pilar alipanda kilima akitoka sokoni, akasimama langoni ameshika kifua, uso mwekundu. Nchagwa alimletea kiti. Sista aliketi, akatulia, akatabasamu.

"*Ya vuelvo a respirar*," alisema.

"Hiyo ni nini, Sista?"

"Nilikuwa nimeishiwa pumzi. Sasa napumua tena. *Volver a* ni kufanya tena."

Nchagwa aliegemeza slasha ukutani na kuondoka. Hakuaga.

Nyumbani kwake, upande wa mpakani, alinoa panga kwa tupa tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Robi alikuwa anapumua tena. Alikuwa anazungumza. Saa moja baadaye akawa chini ya chokaa. Walimwacha afe makusudi, au walimfukia mzima. Daktari alisharudi kwao, lakini aliyetoka hemani na kumdanganya machoni alikuwa karibu. Watu walimwambia Benta ana zahanati yake sasa, nje kidogo ya mji wa Migori.

Alimkuta peke yake, anakunja vitambaa vya vidonda. Nchagwa alifunga mlango nyuma yake na kuweka panga juu ya meza, ubao wa meza ukalia.

"Unanikumbuka, nesi?"

Benta aliangalia panga, kisha yeye. "Nakukumbuka."

"Daktari alisema amerudi kupumua. Alisema ametoka kuzungumza. Nilikuwa nje, nilisikia. Nimejifunza lugha yao neno kwa neno kwa ajili ya siku hii."

"Kumbe," Benta alisema. Mikono yake iliacha kukunja.

"Mlimzika mzima?"

"Hapana."

"Mlimuua?"

"Kaburi nililokuonyesha ni la mama mmoja wa kisiwa cha Remba. Hakuwa na mtu."

Nchagwa alishika mpini wa panga. Sauti yake ilishuka. "Robi yuko wapi?"

"Hilo sitakuambia, hata ukinikata."

"Basi niambie alichosema. Mgonjwa aliyekuwa amekata pumzi anarudi, anafungua mdomo. Alisema nini?"

Benta alisukuma vitambaa kando. Hakuonekana kuogopa tena.

"Aliuliza kama bado uko nje," alisema. "Nikamwambia uko. Akanishika mkono, akaniomba nije nikuambie amekufa."