Insha ya Bomoabomoa

Wanafunzi waliokota vikaratasi kwenye kofia ya Mwalimu Kitundu, na cha Siwema kilimwagiza atetee kuvunjwa kwa soko la nyuma ya chuo.

"Mwalimu, naomba unibadilishie. Kibanda cha mama yangu kilikuwa humo."

Mwalimu alicheka. "Afadhali. Kutetea unachokiamini hata mlevi anaweza."

Basi Siwema akaandika kwa hasira. Alichimbua ripoti za kipindupindu maktabani, akapima mitaro, akawahoji wazima moto waliowahi kukwama kwenye vichochoro vya soko, akaweka marejeo ishirini na mawili. Leo mwalimu aliisoma insha yake mbele ya darasa zima.

"Wanaokubali kwamba soko lilistahili kuvunjwa, mikono juu!"

Mikono ya wenzake ikainuka yote. Hata wa Mwatumu, rafiki yake, aliyekuwa akila mihogo ya mama Siwema kila asubuhi.

"Umenishawishi, shoga yangu," Mwatumu alinong'ona bila kumtazama.

"Kuna anayepinga?" mwalimu aliuliza, akitabasamu.

Siwema akasimama. Akainua mkono wake wa kulia, wenye makovu ya mafuta ya kukaangia mihogo.

"Wewe tena? Haya, tupe hoja yako."

Siwema aliikodolea macho insha mkononi mwa mwalimu, akitafuta mwanya. Haukuwepo. Mianya yote alikuwa ameiziba mwenyewe. Lakini mkono hakuushusha.