Shindano la Mtu Mmoja

Shindano zima lilikuwa na mshiriki mmoja tu, na Mwalimu alikuwa na hakika kwamba huyo mmoja ni mwizi wa waume za watu.

Mumewe, mwokaji mikate aliyestaafu, alikuwa ameenda kliniki kupima presha akaacha kompyuta wazi mezani. Mwalimu hakukusudia kupekua. Alikuwa anafuta vumbi tu. Lakini jicho lake lilipotua kwenye kioo, kitambaa kilimponyoka mkononi.

Ilikuwa tovuti ya mashindano ya uchoraji. Mteja anaeleza anachotaka na kuweka zawadi, wachoraji wanatuma kazi zao, ambaye kazi yake inapendeza ndiye anayelipwa. Mzee alikuwa ameomba nembo ya duka la mikate. Duka lenyewe lilikwishafungwa, tanuri limekuwa kitanda cha paka. Na maelezo aliyoandika yalikuwa kituko kitupu: "Nataka mkate wenye masikio. Atakayeelewa ataelewa."

Wachoraji wote walipita mbali, isipokuwa mmoja. Mwanamke, anajiita Kidoti.

Chini ya michoro yake kulikuwa na maongezi marefu kuliko nembo yoyote inavyohitaji.

"Masikio yashuke kidogo," mzee ameandika.

"Yameshuka. Leo umekula?"

"Nimekula. Na wewe usikeshe na kazi, utaharibu macho."

"Nikishapata neno lako nalala vizuri."

Mwalimu alisoma yote mpaka mwisho. Yeye na mumewe hawakuwa wakiulizana tena nani kala, nani hajala. Zamani alimwita kwa jina la mtoto wao wa pekee, Baba Fulani, kama wake wengine. Binti alipoolewa na mtu ambaye Mwalimu alimkataa katakata, jina lile likapigwa marufuku mle ndani, na mume akabaki "mzee" basi. Hakubisha. Alipoa tu, kama chai iliyosahauliwa, akawa mtu wa kukodolea kompyuta. Kumbe alikuwa na wa kumpasha moto.

Alilia kidogo, akanawa uso, akapiga simu huduma kwa wateja.

"Kadi iliyolipia ni yangu," alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akinyamazishia madarasa. "Na masharti yenu yanasema washiriki wakiwa wachache, mteja anarudishiwa pesa zake."

"Ni kweli, mama," kijana wa simu alijibu. "Huyu yuko peke yake, kwa hiyo zinarudi zote na shindano linafungwa. Ila kwa haki ya mchoraji, huwa tunamuuliza kwanza kama ana pingamizi. Maana kazi ameshafanya, na hataambulia kitu."

"Muulizeni. Na mimi nitamwambia yangu."

Akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaandika kwa kidole kimoja: "Mimi ndiye mke mwenye nyumba hii. Nimesoma yote. Huna haya, unamzungusha mtu mzima kwa vijimikate. Zawadi hupati. Na ukome kuandika hapa. Kwangu wewe umekufa."

Akatuma, akavuta pumzi ndefu. Alitegemea kujisikia mwepesi. Hakujisikia hivyo.

Mzee alirudi, akainama mlangoni kuvua viatu. Mwalimu hakumpa nafasi hata ya kukaa.

"Shindano lako nimelifunga."

Mzee aliinua kichwa. "Umelifunga?"

"Na huyo Kidoti wako nimempa dozi yake. Ulidhani sitajua?"

Alitegemea akane, au apandishe sauti, au aanze zile hadithi ndefu za wanaume waliofumwa. Mzee alisimama tu na kiatu kimoja mkononi.

"Umemwandikia nini?" aliuliza taratibu.

"Anachostahili. Nimemwambia kwangu amekufa."

Mzee aliegemea ukuta. Akateleza nao polepole mpaka akakaa sakafuni, kiatu bado amekishika, machozi yakimtiririka na kupotelea kwenye ndevu. Mwalimu hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama yake mzazi. Hasira ikamrudia upya: kumbe anampenda kiasi hicho huyo mwanamke?

"Mwalimu," mzee alisema, "hilo ulishamwambia zamani."

Hakuelewa. Alitaka kumuuliza ana maana gani, lakini nyuma yake kompyuta ililia, akageuka. Jibu la mchoraji lilikuwa limeingia.

"Shikamoo, Mama. Sina pingamizi, pesa zirudi. Nilipoona mkate wenye masikio, kama ule wa utotoni mwangu, nilijua ni nyumbani. Muda wote huu nilidhani mnaniandikia wote wawili, wewe na Baba."