Pikipiki ya Shangazi Yaanza Kuuliza

Siku hizi kila chombo cha moto lazima kimuulize dereva anakwenda wapi. Pikipiki kuukuu ya mbio ya Shangazi Tunu ndiyo pekee mtaani iliyokuwa bado kimya. Hakuwahi kuibadilisha hata skrubu. Kila Jumamosi aliisugua mpaka ing'ae.

Jana mkaguzi wa vyombo akaja, akaifungia kifaa cha sauti. Kwa hasira na heshima zote, nikaliziba bomba la moshi la gari lake kwa kiazi. Gari likanishtaki kwake papo hapo.

"Mwache mtoto!" Shangazi akafoka. "Hata marehemu mume wangu hakuthubutu kuniuliza ninakokwenda!"

Akapanda, akawasha.

"Unakwenda wapi, Tunu?" ikauliza pikipiki.

Shangazi akainamisha kichwa. "Dukani tu," akajibu. "Narudi sasa hivi."