Stoo ya Baruti

Zilpah alikuja na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya leso, kama mtu anayepeleka sadaka. Ulikuwa mrefu kama kiganja, mzito, na haukuwa na kutu hata kidogo. Kila Jumamosi aliupaka mafuta ya taa, kwa sababu marehemu mumewe, Cephas, alikuwa akifanya hivyo, naye hakuona haja ya kuacha.

Mbele ya stoo walikuwa wakimngoja watu watatu. Edith, afisa wa makumbusho, alikuwa ametoka Kisumu na fomu zake. Osman, mfanyabiashara wa Migori mjini, ndiye aliyenunua ploti yote ya mgodi wa zamani ili ajenge ghala la mahindi. Wa tatu alikuwa mzee Walter, ambaye mwaka huo wa 1996 ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wachimbaji waliogoma mwaka wa hamsini na tatu.

"Mimi si mtu mbaya," Osman alisema. "Lakini karatasi inasema hii ni stoo ya baruti. Kesho kutwa tingatinga inakuja. Mkinionyesha kweli watu walifungwa hapa, nitajenga ile upande ingine."

Fundi wake alikuwa amehangaika na mlango ule wa chuma siku mbili, ukamshinda.

Walter alikuwa ameshasimulia yake. Waligoma wakidai maji safi na kukomeshwa kwa viboko. Wakafungiwa humo watu kumi na mmoja, siku nne za Januari, bila dirisha. Wakatoka tisa. Edith alimwamini, lakini ofisi yake haihifadhi jengo kwa maneno ya mzee mmoja.

Zilpah alitaka kitu kimoja tu: jina la Cephas liandikwe kwenye kibao kitakachowekwa hapo. Tangu amzike, miaka mitatu sasa, hakuwa amehisi lolote la maana. Alilima, alipika, alikwenda kanisani, na moyo umekufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Hata siku ya mazishi hakulia. Alidhani labda akiliona jina lile limechongwa, machozi yatakuja.

Cephas mwenyewe hakuwahi kumsimulia. Zilpah, ambaye majirani walimwita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, aliolewa kutoka huko miaka miwili baada ya mgomo, akaukuta ufunguo umetundikwa juu ya kitanda. Alipouliza, Cephas alisema ni wa ile stoo ya mgodini, akatoka nje, akarudi jioni. Hakuuliza tena.

Mengine alijijazia mwenyewe. Cephas hakuruhusu mlango wowote utiwe kufuli pale nyumbani, hata baada ya wezi kuwachukulia mbuzi watano. Joto la Januari likifika, alilala uani. Mwenye kovu usidhani kapoa, Zilpah alijiambia, akazoea kuishi na milango wazi.

Aliamini pia kwamba watu walimheshimu mumewe, kwa namna yao. Wazee waliokuwa mgodini naye walimpungia mkono wakipita, ila hawakuingia kula kwake. Siku ya mazishi Walter alisimama nje ya ua wa minyaa mpaka mwisho. Alisema miguu inamsumbua. Zilpah alimpelekea chakula pale pale, na sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

Ufunguo uliingia, ukazunguka mara moja tu.

Edith aliwasha tochi. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, kulikuwa na mistari kumi na mmoja iliyokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Miwili ilikuwa imekatwa. Upande wa ndani wa mlango, chuma kilijaa mikwaruzo mahali ambapo tundu la ufunguo lingekuwa. Upande huo hakukuwa na tundu.

"Inna lillahi," Osman alisema polepole. Alisimama kidogo, kisha akatoka. "Andika, dada. Mimi nitajenga ng'ambo ile."

Zilpah alisubiri furaha ije. Haikuja, lakini kitu kilisogea kifuani, kidogo. Aliigusa mistari ile mmoja mmoja, akijiuliza upi ulikuwa wa Cephas.

Nje, Edith aliketi juu ya jiwe na kuanza kujaza fomu. "Mama, bila hii ufunguo yako hatungekuwa na kitu," alisema. "Jina lake ndilo naanza nalo."

Akasoma alichoandika. "Waliofungwa. Wa kwanza, Cephas, marehemu, ambaye familia yake imeuhifadhi ufunguo hadi leo."

Zilpah alihisi macho yanamwasha. Miaka mitatu, na sasa yalikuwa yanamwasha.

Edith alimsogezea Walter pedi ya wino. "Mzee, weka kidole hapa, uthibitishe. Halafu utanipa hayo majina mengine."

Walter alikitia kidole wino. Akaitazama fomu muda mrefu, kidole kikiwa hewani.

"Nyar Rusinga, nisamehe," alisema, bila kumtazama Zilpah. "Hii maneno nilitaka nizikwe nayo."

Kisha akakifuta kidole kwenye suruali yake na kumgeukia Edith.

"Nyathina, mwanangu, sisi kumi na mmoja tulikuwa ndani. Hiyo ufunguo ilikuwa nje."